Kalibu Sitini na Moja

Bi Mitambo alibofya mara ya nne, na mara ya nne kompyuta ikamjibu vilevile: kinachotafutwa hakipo. Jasho jembamba likamtoka mgongoni. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, karakana imefungwa kwa wateja, na mtu mwingine pekee aliyekuwemo ni Babu Plasta, fundi mzee wa plasta, huko nyuma, anagongagonga vyake.

Bi Mitambo ni jina alilobandikwa na wenzake kwa utani. Alisimamia kompyuta zote za karakana ile ya miguu ya bandia, mali ya shangazi yake. Seva ilikuwa moja, imekaa chini ya meza ya birika la chai, na mfumo wake wa zamani ulishachoka, hata kuwaka uliwaka shingo upande. Miezi mitatu alimlilia shangazi wahamie Linux, mfumo huria usio na mwenyewe wa kuja kubisha hodi kila mwaka kudai leseni. Shangazi akakubali kwa sharti moja.

"Vipimo vya watu, mwanangu. Kingine chochote kikipotea tutalia tutanyamaza. Vile vikipotea nitakufukuza, na undugu wetu tutakutana nao nyumbani."

Alikuwa na haki. Aliyekatwa mguu akija pale hufungwa plasta kwenye kigutu, plasta ikikauka inakuwa kalibu, kalibu inapigwa skana, na umbo lake linahifadhiwa kwenye seva. Watu sitini na moja walikuwa wanasubiri miguu, wengine walisafiri siku mbili kuja kupimwa. Na kalibu zenyewe? Zilivunjwa. Na nani aliagiza zivunjwe? Huyu huyu Bi Mitambo, aliyesema zinajaza stoo na kuleta vumbi, kila kitu kimo kwenye kompyuta, jamani, hii karne gani.

Sasa usije ukadhani alikuwa mzembe. Siku mbili nzima alikuwa ananakili kwenye diski ya nje. Folda ya MIGUU aliichukua pale pale kwenye kioo cha kompyuta yake, anapoifungulia kila siku, akaiburuta ikaingia. Akaijaribu humo kwenye diski, ikafunguka, akavihesabu vipimo kwa kidole mpaka sitini na moja. Ndipo akaifuta seva, na kwa kujiamini kwake akaiamuru ifute hadi chembe ya mwisho. Mfumo mpya ukaingia bila kukohoa. Akapiga na mluzi.

Kumbe ile haikuwa folda. Ilikuwa njia ya mkato, kile kialama chenye mshale mdogo pembeni, ambacho kazi yake ni kukupeleka tu kwenye seva. Alipoijaribu ilifunguka kwa sababu seva ilikuwa bado hai. Alichonakili ni kibao cha kuelekeza nyumba, na nyumba ameshaibomoa kwa mkono wake. Mshale ule alikuwa akiuona kila siku kwa miaka mitatu.

Aliogopa. Aliwaza kuzima mashine akajilaze nyumbani, ajitie mgonjwa. Aliwaza kusema diski imejiharibikia yenyewe. Kisha akawaza watu sitini na moja waliokaa na magongo yao wakihesabu wiki. Shangazi alisema atafika saa sita. Mwisho akapiga moyo konde, akaenda nyuma kwa Babu Plasta, ili maneno ya kumwambia shangazi ayajaribie kwanza kwake.

Babu Plasta alimwona anakuja. Akaweka patasi chini, akaenda kusimama mbele ya mlango wa stoo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Hakumtazama usoni. "Umekuja kukagua stoo."

"Babu, nina jambo zito, hata sijui nianzie wapi."

"Nalijua. Nani amekwambia?" Mzee akarudi nyuma, akauegemea mlango. "Mjukuu wangu, nisamehe. Miaka thelathini niko kwenye kazi hii, usinifukuzishe kwa ajili ya plasta. Sikuzivunja."

Bi Mitambo alimsikia, ila maneno hayakumwingia. "Hukuvunja nini?"

Mzee akafungua mlango. Nyuma ya mifuko ya plasta, chini ya magunia, zilipangwa kalibu safu kwa safu, kila moja na jina na tarehe kwa penseli. "Kelele ulizokuwa unazisikia, nilikuwa navunja vigae vya bafu la zamani," alisema. "Huu ni mguu wa mtu. Siwezi kumpiga mtu nyundo."

Bi Mitambo aliketi juu ya mfuko wa plasta akalia kama mtoto. Alipopata pumzi akamweleza yote, mshale na seva na diski isiyo na vipimo. Babu Plasta akajipangusa uso kwa aproni.

"Ala. Kwa hiyo mimi nakuogopa wewe, na wewe unamwogopa shangazi yako."

Wakazitoa moja moja, wakazipanga sakafuni, wakahesabu. Sitini. Wakarudia, sitini. Bi Mitambo akayasoma majina ya penseli moja moja, akaona lipi halimo.

"Babu, ya yule mwalimu wa chekechea iko wapi?"

Mzee akainama, akaanza kukunja gunia ambalo halikuwa na haja ya kukunjwa. "Ile ulinisimamia mwenyewe."

Bi Mitambo akakumbuka. Miezi miwili nyuma alimshuku mzee, akaja akakunja mikono, akamwambia, vunja nione. Mzee aliinua nyundo mara mbili akaishusha, mara ya tatu akapiga. Akamkumbuka na mwalimu mwenyewe, kidonda chake bado kibichi, alivyouma mtandio wakati plasta inavuliwa. Wakati wa kuondoka aliuliza mara mbili: "Imekwisha, sivyo? Maana hili sitaliweza tena."

Shangazi alifika saa sita akazikuta kalibu zimejaa sakafuni na watu wawili wamesimama katikati. Bi Mitambo alisema yote mwenyewe, bila kupunguza kitu. Shangazi akainama, akasoma jina kwenye kalibu iliyokuwa miguuni pake.

"Babu, endelea na kazi yako," alisema, kisha akamgeukia Bi Mitambo. "Wewe utapiga skana zote sitini, ya kukufukuza nitaijua baadaye. Lakini mwalimu utampigia wewe, sasa hivi, hapa mbele yangu."

Bi Mitambo akabonyeza namba. Ikaita mara moja tu ikapokelewa, kana kwamba mwalimu alikuwa ameishika simu mkononi.

"Haloo, karakana?" Sauti ilikuwa inacheka. "Niambie mwanangu, mguu wangu uko tayari?"

Bi Mitambo alikuwa hata hajamsalimu bado.