Mlima wa Kila Jumamosi

Mongi, kinyozi wa mji wa Kairuani, alikuwa hodari wa uongo mdogo mdogo, maana mteja aliyekaa mbele ya kioo hataki ukweli. Lakini mwaka alioambiwa ana kisukari, nesi Widadi wa zahanati alimpa kitu kisichobembelezeka: karatasi ya mirabaraba.

"Siku zinakwenda hivi, chini," Widadi alimwonyesha kwa kalamu. "Sukari inapanda hivi, ubavuni. Kila asubuhi ukijitoboa kidole, weka nukta panapokutana siku na kipimo. Halafu ziunganishe kwa mstari. Namba moja moja utazisahau, ami. Mstari utakuonyesha unakoelekea."

Mkewe, Mabruka, aliibandika karatasi mlangoni mwa friji. Hakusoma sana mama huyu, lakini baada ya wiki tatu alisimama mbele ya karatasi hiyo, mikono kiunoni.

"Wee Mongi! Mbona kila Jumamosi unapanda mlima?"

"Si hiyo kuskusi yako ya Ijumaa, mke wangu. Tamu mno."

"Kuskusi hiyohiyo napika Jumapili, na Jumatatu mstari umelala kama paka. Ijumaa unakula nini, na kwa nani?"

Mongi akakumbuka ghafla kuwa kuna mteja anamsubiri.

Tangu siku hiyo aliacha kujitoboa. Kila asubuhi aliweka nukta palipompendeza, akaziunganisha kwa rula. Mwisho wa mwezi akaenda zahanati kifua mbele, Mabruka nyuma yake.

Widadi aliitazama karatasi, akauma midomo. "Ami Mongi, mstari ulionyooka hivi nimeuona mara moja tu, kwenye mashine ya moyo. Mwenyewe tulimfunika shuka."

Mabruka alicheka hadi mtandio ukamdondoka. Mongi akatapika siri yote. Kila Ijumaa baada ya alasiri hupitia kwa dada yake Hasna, anayekaanga makrudi, vile vikeki vya tende vinavyochovywa asali, sawasawa na alivyokaanga marehemu mama yao. Hula sita. Siku nyingine nane.

"Nikimkatalia, analia," alisema kwa sauti ndogo.

Mabruka aliuokota mtandio wake. Yeye pia alimpenda sana marehemu mama mkwe wake. "Basi Ijumaa tunakwenda wote. Wewe utakula viwili. Na kurudi ni kwa miguu, tena tunazunguka ukuta wa mji."

Ikawa hivyo. Mwezi uliofuata mlima ukapungua ukawa kichuguu, na nukta zote zilikuwa za kweli.

Shida ni kwamba Mabruka alikwisha kuonja utamu wa grafu. Akanunua daftari zima la mirabaraba, akaanza kuchora saa anazorudi mumewe kutoka mkahawani: siku chini, saa ubavuni. Siku hizi Mongi hurudi kabla magharibi haijaadhiniwa, na wenzake wa karata huwaambia kuwa ni amri ya daktari.