Barua Mbili za Balozi

Nyumbani walimwita Balozi, na si kwa heshima. Shangazi yake ndiye aliyembandika jina hilo mwaka alioanza shahada ya uzamivu ya uhusiano wa kimataifa, na tangu hapo majirani wakirushiana maneno juu ya ukuta, au watoto wakigombea rimoti, nyumba nzima inapaza sauti: "Aitwe Balozi asuluhishe!" Miaka sita hiyo. Wenzake wa zamani wameshaoa, wameshaachika, wameshajenga, wengine wameshabomoa na kujenga tena. Yeye bado ni Balozi tu, hana nchi wala gari lenye bendera, ana sketi moja ya kuendea usaili ambayo zipu yake inashikiliwa na pini.

Na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Huu ulikuwa umemkaa mabegani kama mgeni asiyeaga. Alikuwa ameomba ufadhili wa utafiti mara saba, na mara zote saba majibu yalianza na "Tunakushukuru kwa", akifika hapo anafunga kompyuta, maana kinachofuata anakijua.

Hii ilikuwa mara ya nane. Kulikuwa na Mfuko mmoja wa nje uliotoa nafasi moja tu kwa idara yao: mwaka mzima wa kukaa uwandani, nauli, posho, na mtu wa kukusomea kazi yako. Balozi alitaka kwenda mpakani, akae na madereva wa malori na maofisa wa forodha, aone wanavyoelewana wao kwa wao pale serikali zao zinaponuniana. Lakini Mfuko ulikuwa na sharti: siku ya kufunga maombi, mwombaji awe hajafika miaka arobaini. Balozi alikuwa na thelathini na tisa na miezi kumi na moja. Mara ya tisa haikuwepo.

Maombi yalitaka barua ya msimamizi, na hapo ndipo penye mambo. Pale idarani palikuwa na utaratibu usioandikwa popote ila kila mtu anaujua: Profesa haandiki barua. Unajiandikia mwenyewe, unajisifu kana kwamba unamsifu mtu mwingine, unampelekea, anasaini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi thelathini na wanne, mgongo unaomsumbua, na vikao visivyoisha vya kupanga vikao vingine.

Wiki moja kabla ya siku ya mwisho, Chipukizi alimfuata Balozi maktaba. Chipukizi alikuwa binti wa mwaka wa pili wa uzamivu, mcheshi, ana akili kama wembe, lakini ukimwambia aandike barua rasmi anatokwa jasho.

"Dada, niandikie na mimi. Wewe una mkono."

"Mimi na wewe tunagombea nafasi moja. Hilo unalijua?"

"Nalijua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wangeniharibia."

Balozi alicheka mpaka mkutubi akamkazia macho. Akaandika. Dakika ishirini, sentensi zinakuja zenyewe kama maji ya bomba: mtafiti asiyengoja njia ifunguliwe ndipo apite, akili yenye kuuliza kabla ya kujibu, na kadhalika na kadhalika. Kila neno lilikuwa kweli, na halikumgharimu chochote.

Ya kwake ilimchukua siku nne. Kila akiandika "hodari" alijiona kama mwenye nyumba anayesifia upishi wake mbele ya wageni, akafuta, akaweka "anajitahidi". Akiandika "wa kipekee" anafuta, anaweka "anahudhuria".

Siku ya mwisho ikafika. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi alimpa binamu yake karatasi zote mbili amwangalizie makosa. Majina alikuwa bado hajayajaza. Hiyo kazi aliiacha mwisho siku zote. Binamu alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa sebule ya nyumba yao. Kwenye kiti alikuwa na mteja mwenye nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyosimama kama imeona jini. Shangazi alikuwa anakunja nguo, na jirani wa mlango wa pili alikuwa amekuja kuazima pasi tangu jana na bado hajaondoka nayo.

Binamu akasoma kwa sauti, barua ya kwanza, kisha ya pili. Akazishika juu, moja mkono huu, moja mkono ule.

"Huyu wa kwanza mpeni chochote anachotaka. Huyu wa pili... huyu anasoma kwa kulazimishwa? Amefanya nini, amemwibia mwalimu?"

"Huyo wa pili ni mimi," Balozi akasema.

Binamu akazishusha karatasi. Kisha mteja, nusu ya kichwa ikiwa hewani, akauliza kwa upole, "Na huyo wa kwanza?"

"Mwenzangu. Tunashindana naye."

"Mama yangu weee!" Shangazi akazitupa nguo. "Umemwandikia mshindani wako maua, wewe mwenyewe umejiandikia msiba? Hebu lete kalamu! Kaa hapo! Andika!"

Wakaanza. Ilikuwa kama mnada. Shangazi akasema andika kwamba huyu mtoto aliwahi kuwapatanisha wauza nguo wawili waliokuwa hawasemezani miaka mitatu, na hakutumia ila chai na ukimya. Jirani akasema andika kwamba anasoma mpaka karatasi za kufungia karanga. Binamu akasema andika kwamba hajui kusengenya, jambo ambalo kwa familia hii ni muujiza. "Na andika hanuni!" mteja akadakia, ingawa alikuwa amemjua Balozi kwa saa moja tu. Balozi aliandika huku akicheka na machozi yakimlengalenga. Alipomaliza alikuwa na kurasa tatu, na kwa mara ya kwanza alikutana na mtu ambaye hata yeye angempa ufadhili.

Saa tisa na nusu alikuwa ofisini kwa Profesa. Chumba kilikuwa na mafaili mpaka dirishani, na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Profesa alisaini barua ya Chipukizi bila kuisoma, Balozi akaituma palepale kwa kompyuta ya Profesa, kama alivyozoea kuwatumia wengine.

Kisha Profesa akachukua ya pili, akaifunua kutafuta pa kusaini. Lakini kurasa zilikuwa tatu, na katika kuzifunua macho yake yakanasa. Akasoma mstari. Akarudi mwanzo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Balozi akagundua kwamba Profesa anacheka, kitu ambacho miaka sita hakuwahi kukiona.

"Karatasi za kufungia karanga?"

"Samahani, Profesa. Hiyo naweza kuiondoa."

Kicheko kikaisha polepole. Profesa akavua miwani.

"Haya yote mimi siyajui," alisema. "Nimekaa na wewe miaka sita, na mtu aliyeandikwa humu sijawahi kukutana naye. Nitasainije?"

"Kama unavyosaini zote."

Halikuwa tusi, alikuwa amechoka tu, na ukweli ulimponyoka. Profesa aliuelewa hivyo hivyo. Akaisukuma barua pembeni, akavuta kompyuta mbele yake.

"Hii nitaandika mwenyewe."

Saa iliyokuwa ukutani ilisema kumi kasoro dakika tano. Balozi aliona muda upo. Hakuwa amewahi kumwona Profesa akichapa. Profesa alichapa kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele, na kila baada ya mstari anauliza.

"Ulianza mwaka gani?"

Akamwambia.

"Kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilifundisha sekondari. Miaka tisa."

"Tisa!" Profesa akaandika. "Sikujua." Akaandika tena. "Jina lako la tatu linaandikwaje?"

Balozi akalitaja herufi kwa herufi. Kila swali lilimwangukia mzito zaidi ya lililotangulia. Miaka sita ya kumbebea madaftari ya mitihani, ya kumfundishia vipindi akisafiri, ya kuwaandikia wenzake barua kwa jina lake, na mtu huyu hajui jina lake la tatu.

Saa kumi na nusu. Nusu ukurasa. Barua ya kina Shangazi ilikuwa pale pembeni, tayari, inangoja saini tu. Ilitosha kusema, "Profesa, muda umekwisha, saini hii tuitume." Angesaini. Balozi alifungua kinywa aseme.

"Hebu niambie," Profesa akamtangulia, "kwa nini mpakani? Kwa nini madereva? Mada zote hizi za mikataba na majeshi, wewe umeng'ang'ania malori."

Wafadhili saba walikuwa wameuliza umuhimu wa utafiti, pengo katika maandishi yaliyopo, mbinu za kukusanya taarifa. Kwa nini yeye, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Baba yangu alikuwa dereva wa lori," alisema. "Serikali mbili ziligombana, mpaka ukafungwa, akakwama siku arobaini na moja. Nilikuwa na miaka kumi. Sisi huku tukajua amekufa. Kumbe upande wa pili kulikuwa na ofisa wa forodha aliyekuwa anawapitishia maji na kuwapelekea barua zao kisirisiri. Baba aliporudi, redioni bado walikuwa wanatukanana, na yeye alikuwa amekaa kibarazani anamwandikia yule ofisa barua ya shukrani. Waliandikiana mpaka Baba alipofariki. Nilitaka kujua mambo hayo yanawezekanaje."

Profesa akageukia kompyuta akaanza kuchapa, na safari hii hakuuliza. Balozi naye hakumkatisha. Alijua anachokifanya: alikuwa ameiacha barua nzuri kwenye meza, na dakika zinakwenda. Lakini kuna mtu alikuwa anaandika habari zake, na mtu huyo hakuwa yeye. Hakuwa na nguvu za kulizuia hilo.

Barua ilitumwa saa kumi na dakika hamsini na nane. Ilikuwa ukurasa mmoja, wa kweli, na makosa mawili ya uchapaji.

Baada ya miezi miwili na nusu majibu yakaja. "Tunakushukuru kwa." Safari hii alisoma mpaka chini. Waliandika kwamba barua ya msimamizi wake ni ya dhati, ila inaeleza zaidi mwombaji anakotoka kuliko anakokwenda. Nafasi alipewa Chipukizi. Katika taarifa ya Mfuko walieleza kwamba wamemteua "mtafiti asiyengoja njia ifunguliwe ndipo apite."

Balozi aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akaisoma na nyumbani, kwa sauti. Shangazi akashika kiuno.

"Yaani umeshindwa na wewe mwenyewe!"

Binamu akaangua kicheko, akajiziba mdomo na kitana. Lakini Balozi mwenyewe alicheka, kwa hiyo wote wakaruhusika, wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Jioni Chipukizi akaja, macho mekundu. Alisimama mlangoni hataki kuingia. "Dada, niirudishe?"

"Uirudishe iende wapi? Ingia, usiniletee mbu. Ukifika huko kaa na watu, usikae na mafaili."

"Na barua ya kukubali nafasi... wanataka niandike ya kukubali."

"Hiyo utaandika mwenyewe, mdogo wangu."

Wiki iliyofuata Balozi alikwenda ofisi ya usajili. Bila ufadhili hapakuwa na safari ya uwandani, na bila uwandani hakuna sura ya nne ya tasnifu. Akachukua fomu ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Karani alikuwa mama wa makamo, kikombe kando, mhuri mkononi. Aliipitia fomu kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Dada, hapa kwenye sababu umeandika 'uchovu'."

"Ndiyo."

"Hiyo si sababu. Andika matatizo ya kifamilia. Wote wanaandika hivyo, inapita bila maswali."

"Familia yangu haina tatizo."

"Basi andika afya."

"Mama, nimeandika vya kuwapendeza watu miaka sita. Hiki ndicho kilichopo. Nimechoka. Nitarudi kufundisha, nitalala Jumamosi, mwakani nitaona."

Nyuma ya Balozi foleni ilianza kuguna, mtu mmoja akauliza kama wanapika humo. Karani akanyanyua shingo, "Ngojeni huko!" Akarudi kwenye fomu.

"Wataniuliza mimi huko juu," alisema.

"Waambie waniite."

Karani akapuliza mhuri, akaugonga, akaiweka fomu kwenye rundo la zilizokubaliwa.

"Haya, mama. Kapumzike. Nani anafuata?"