Rupia Iliyolika Upande Mmoja

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ndizo zilizonipeleka Tarime mjini kwa fundi Swaleh, mfua fedha, na rupia ya Mjerumani mfukoni, siku ile nilipoamua kumwacha mke wangu Dorka.

Nisikilizeni kwanza, kisha mnilaumu. Mwaka sabini na sita nilikwenda Kisumu kutafuta kazi ya miezi sita. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa pale Sirari, nikabaki huko miaka saba. Najua mtasema, mbona wenzako walipita njia za panya? Walipita, ndiyo. Mimi niliogopa kukamatwa, halafu nikaona aibu kurudi mikono mitupu, miaka ikaenda. Lakini hakuna jioni niliyokula bila kumkumbuka Dorka. Haki ya Mungu, hata moja.

Mpaka ulipofunguliwa nikarudi mbio. Dorka akanipokea kama mpangaji. Maji ya kunawa alinipa, ugali alinipa, neno hakunipa. Wiki tatu! Nilitaka kujua kitu kimoja tu: alinikumbuka, au alikwisha kunifuta? Kumwuliza sasa, ng'o. Mwanamume mzima nianze kubembeleza? Nikamwambia narudi Kisumu. Akaingia ndani, akatoka na ile rupia niliyomwachia siku ninaondoka, akaiweka mezani.

"Nauli yako hiyo, Baba Okech."

Basi. Hata chozi hakuna. Niliumia, nasema kweli.

Rupia yenyewe babu yangu alilipwa na Wajerumani kwa kubeba mizigo yao. Akaifunga kwenye ngozi, haikuwahi kuingia dukani. Hata miaka ile ya kukosa sabuni na sukari Dorka hakuiuza. Nikajua fundi ataipa daraja la kwanza na bei yake, nitaenda Kisumu nikila nyama njiani.

Nilimkuta Mzee Swaleh akifua bangili, moto umewaka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete tuone."

Akaiangusha juu ya jiwe, akasikiliza inavyolia. "Fedha yenyewe hii." Akapitisha ukucha ukingoni, meno yote yapo. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akamtazama yule mfalme mwenye tai juu ya kofia. "Manyoya ya tai unaweza kuyahesabu! Hapo juu ndipo hela huanza kulika. Hii imetunzwa, bwana. Nyuma nako kukiwa hivi, kuna daktari Musoma anazikusanya, atakupa hela ushangae."

Akaigeuza. Akaisogeza kwenye mwanga.

Nyuma panatakiwa pawe na simba amesimama chini ya mti. Simba hakuwepo. Mti haukuwepo. Palikuwa laini tu, pamebonyea kidogo.

"Mliisugua kwa majivu?" akaniuliza. Kisha akajijibu mwenyewe: "Hapana, majivu yangeacha mikwaruzo. Na sokoni hela hulika pande zote, ukingo nao haupati nafuu. Hii imelika hapa katikati tu, upana wa kidole gumba. Miaka arobaini ya kazi hii, sijaona."

Damu ikanipanda. Okech! Mwanangu ameichezea weee, na mama yake anamwangalia.

"Sasa ni daraja gani?"

"La kuyeyusha. Ila mimi ningekuwa wewe ningeuliza nyumbani kwanza. Hela hailiki hivi bure."

"Niulize nini? Pima, mzee."

Akatikisa kichwa, akapima. Akanilipa hela ya kunifikisha Kisumu na njaa yangu, akaitia rupia kwenye chungu chake. Nikasimama palepale, nimefura, mpaka ikawa maji.

Nikarudi nyumbani kuchukua begi. Dorka alikuwa nje anapukuchua mahindi.

"Rupia yako imeyeyushwa!" nikafoka. "Upande mmoja umeharibika kabisa. Kwa nini ulimpa Okech achezee?"

Mikono yake ikasimama. "Imeyeyushwa?"

"Imekuwa maji. Nimeona kwa macho yangu."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nirudi. Aliponijibu sauti yake ilikuwa ya chini.

"Okech hakuwahi kuiona. Nilikuwa nalala nayo. Miaka saba, Baba Okech. Ulitaka nishike nini?"

Mimi Owuor, mwenye maneno kuliko redio, nilikaa chini kwenye yale magunzi. Nauli ilikuwa mfukoni na sikuitaka tena. Nilichotaka ni kile kipande cha fedha kisicho na simba, nikishike, niweke kidole changu pale alipokuwa akiweka chake. Nikanyoosha mkono niushike wake.

Akauondoa, akaendelea kupukuchua.