Nyuzi Mbili za Juu

Nianze na ukweli, maana uongo nimeshausema wa kutosha: mdogo wangu namwonea gere. Si wivu wa gauni au wa viatu, ule unaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Huu una umri wa miaka kumi na miwili. Naamka nao, napiga nao mswaki, naenda nao kazini.

Kazi yangu ni fidla. Nakaa safu ya tatu katika okestra ya jiji, upande wa ndani wa stendi. Kwa asiyejua mambo yetu, kila stendi ya noti ina wapigaji wawili, na wa ndani ndiye anayefunua kurasa. Yaani muziki ukifika patamu, mimi nashusha upinde nahangaika na karatasi, mwenzangu anaendelea kujidai. Mwenzangu ni mzee tunayemwita Miwani, ambaye husinzia kwenye vituo virefu, pale tunaponyamaza, na kuamka kwenye noti yake bila kukosea hata siku moja. Nimemfunulia kurasa miaka kumi na minne.

Mdogo wangu yeye anaitwa Chiriku. Jina hilo tulimpa nyumbani alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hizi limeandikwa kwenye mabango yenye urefu wa mlango.

Tulianza pamoja, chumba kimoja, stendi moja, mwalimu mmoja. Mwalimu huyo tulimbatiza Rula, kwa kuwa kila mwanzo wa muhula alitupima vidole kwa rula ya mbao na kuandika kwenye daftari. Kidole changu cha mwisho alikuwa akikishika na kuwaonyesha wenzangu. "Hiki," anasema, "ni kidole cha fidla." Akifika kwa Chiriku anapima, anapima tena, anaguna. Nyuzi za Chiriku nilikuwa nikizikaza mimi kabla ya kila zoezi, maana yeye alikuwa na papara na alishakata mbili kwa wiki moja. Alikuwa akinyoosha tu fidla bila kuniangalia, na mimi naikaza.

Tukajaribiwa kuingia okestra siku moja. Unapiga nyuma ya pazia, umevua viatu, ili majaji wasijue hata kama ni mwanamke au mwanamume. Mimi nikapita. Chiriku akashindwa kwenye ukurasa wa pili, akatoka mbio analia, akaacha viatu vyake pale pale. Nilivibeba mimi hadi nyumbani. Njiani nilimnunulia soda, nikamfuta machozi, nikamwambia asijali. Sijawahi kumpenda mdogo wangu kama nilivyompenda siku ile.

Leo wanaandika magazetini kwamba anaimba peku kwa sababu ni mtu huru.

Baada ya kushindwa alipata kazi kwa dobi, kupiga pasi mashati. Huko ndiko alikoharibika, au ndivyo nilivyokuwa nikisema. Akaanza kuishika fidla tumboni na kuidonoa kwa vidole, anapiga mguu sakafuni, anaimba. Wimbo wake wa kwanza ulihusu shati linaloletwa kwa dobi kila Ijumaa, kola ile ile, doa lile lile, mpaka mpiga pasi anaanza kumhurumia mke asiyemjua. Ukachezwa redioni. Wakaja watu wakamrekodi kwenye ngazi za jengo analoishi, eti kwa ajili ya mwangwi. Ikatoka albamu, ikatoka ya pili, akawa hashiki tena pasi. Na juu ya yote hayo, alikuwa amezilegeza nyuzi zake mbili za juu, zile nyembamba, akazishusha hatua nzima ili ziimbe zenyewe bila kubonyezwa. Wataalamu walichanganyikiwa kwa furaha. Mmoja aliandika kurasa nne kuhusu nyuzi mbili.

Kazini nikiulizwa, nilikuwa na jibu moja. "Nyimbo zake? Sijawahi kusikiliza hata mmoja."

Uongo mtupu. Nilizijua zote kwa moyo. Jioni, nikitoka mazoezini, nilijifungia chumbani, nikabana nyuzi zangu kwa kile kipande cha mpira kinachomeza sauti, nikawa nazipiga moja baada ya nyingine. Kulegeza uzi sikuthubutu. Rula angefufuka. Kwa hiyo niliutafutia wimbo wa shati njia nyingine, nyuzi zikiwa zimekazwa kama zinavyotakiwa, na njia yenyewe ilikuwa ya mateso: kidole cha mwisho kinanyooka mpaka mkono unawaka moto. Miezi minane nilihangaika nao. Nilipoupata, sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama akiwa jikoni alikuwa akiuimba kwa pua, nami namwambia, "Mama, tafadhali." Anajibu kwamba ameusikia redioni. Redio yetu iliharibika mwaka juzi, na sote wawili tulijua.

Basi mwaka huu uongozi ukamwalika Chiriku aimbe na okestra yetu, jumba lile lile lililomkataa. Jumapili, saa kumi alasiri. Nusu ya kwanza tungepiga mambo yetu, yeye angekuja kufunga kwa wimbo wa shati, halafu mapumziko, na nusu ya pili yote ni yake.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo ni korido yenye misumari ya kutundikia makoti. Yeye walimpa chumba chenye kochi, kioo kilichozungukwa na taa, na maua mengi mpaka unapiga chafya. Alinivuta ndani kwa mkono. "Dada, njoo ukae na mimi, naogopa." Nikakaa. Kulikuwa na mwandishi wa gazeti na mpiga picha.

"Wazo hili la kulegeza nyuzi," mwandishi akauliza, "ulilitoa wapi?"

Chiriku akacheka. "Fidla yenyewe iliniomba."

Nilitamani kutapika kwenye maua. Mwandishi aliandika maneno yale kana kwamba yameshushwa kutoka juu. Halafu mpiga picha akanigeukia kwa adabu kabisa. "Samahani dada, unaweza kusogea kidogo? Unaingia kwenye picha."

Nikasogea. Wakapiga picha zao, wakamwomba Chiriku watoke naye nje ya jengo wapige nyingine mwanga ukiwa bado mzuri. Akaniachia fidla yake kochini, kifuniko cha kasha kiko wazi. "Niangalizie, Dada. Nakuja sasa hivi."

Tukabaki peke yetu, mimi na fidla. Niliidonoa kwa kidole. Zile nyuzi mbili zilikuwa zimelala chini kama soksi zisizo na mpira. Najua nilichokifanya, sitasingizia shetani. Nilishika kigingi, nikakaza uzi wa kwanza taratibu, sikio langu likiwa karibu, mpaka ukafika mahali pake. Nikakaza wa pili. Nikazilinganisha zote nne. Zilikuwa safi, sahihi, hakuna jaji duniani angezikataa. Nikajisemea kwamba sijaharibu kitu, nimetengeneza. Nikarudisha fidla vile vile nilivyoikuta, nikaenda kukaa kwenye kiti changu.

Nusu nzima ile sikumbuki tulipiga nini. Niligeuza kurasa mbili kwa pamoja, Miwani akanikanyaga mguu.

Kisha Chiriku akaingia, peku, watu wakasimama kabla hajafanya lolote. Mama alikuwa safu ya mbele amevaa kitambaa chake kizuri. Chiriku huwa hakagui nyuzi nyuma ya pazia. Hukagua mbele ya watu, ni sehemu ya mbwembwe zake. Akaiweka fidla tumboni, akapitisha dole gumba juu ya nyuzi.

Akainamisha sikio. Akapitisha tena.

Kuzilegeza upya ni kazi ya nusu dakika. Hakugusa kigingi. Aliinua kichwa akaangalia safu ya tatu, moja kwa moja, akaniona, na mimi nikaangalia noti.

"Jamani," akasema kwenye kipaza sauti, "fidla yangu leo imekazwa. Tena imekazwa vizuri, haina kasoro hata ya unywele. Nyumbani kwetu mwenye mkono huo ni mmoja tu." Watu wakacheka wakidhani ni mchezo. "Dada, hebu njoo hapa mbele."

Nilikwenda. Upinde nilikuwa nao bado mkononi. Chiriku akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akaniambia huku bado anatabasamu kwa ajili ya watu:

"Umeikaza, ipige."

"Chiriku, sikiliza..."

"Si unawaambia wenzako hujawahi kusikiliza wimbo wangu hata mmoja? Nimeambiwa. Haya, nawe waambie hapa hujui, mbele za watu, kisha urudi kwenye kiti chako."

Njia ya kutokea ilikuwepo, tena nyeupe. Ningesema sina noti, kila mmoja angenielewa, sisi ni watu wa karatasi. Ningerudi na uongo wangu mzima mzima. Nikipiga, okestra nzima itajua kwamba miaka yote hii nilikuwa najifungia na kulamba sahani ya mdogo wangu. Nilifungua mdomo nikatae.

"Au huwezi?" akasema.

Hilo neno sikulimeza. Ningekubali kuitwa mchawi, mwongo, roho mbaya, lakini si hilo, na si kutoka kwake. Nikamnyang'anya fidla, nikaiweka begani, mahali inapokaa fidla, na nikapiga.

Sikupiga kwa upendo, msinielewe vibaya. Nilipiga kwa wivu, kuanzia bega hadi ncha ya kidole. Kidole changu cha mwisho kilinyooka hadi kule alikokuwa akifika tu kwa kulegeza, kikatua, kikatulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia wimbo ule mikononi mwangu bila kile kipande cha mpira. Sikujua kwamba ni mkubwa kiasi kile. Ulijaza jumba mpaka juu kwenye taa.

Chiriku alitakiwa aanze kuimba baada ya utangulizi. Hakuanza. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto, mdomo wazi, chiriku asiye na neno. Nikarudia utangulizi. Nilipofika mwisho nikamwambia kwa sauti ya chini, "Imba basi, we!" Akaimba. Akaimba shati, akaimba kola, akamwimba mke asiyejulikana, na mimi nilimfuata kila alipopumua kwa sababu nilijua kila anapopumua. Nikiwa naelekea ubeti wa mwisho nilimwona Mama pale mbele. Hakuwa anamtazama Chiriku. Midomo yake ilikuwa inahesabu vidole vyangu, na alitikisa kichwa mapema kidogo kabla ya ule mruko mgumu, kama mtu aliyeusikia mara elfu kupitia mlango.

Makofi sitayaeleza. Hayakuwa yangu peke yangu, na nilijua hivyo, na iliniuma hata pale pale.

Wakati wa mapumziko tulijikuta wawili chumbani kwake, yale maua, ule mwanga wa kioo. Alifunga mlango kwa mgongo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu wimbo wa kwanza."

"Zote?"

"Zote. Albamu ya pili ina wimbo mmoja mbovu, ule wa mvua."

"Ni mbovu kweli," akasema. Akakaa kochini. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimeshaandaa ya kwangu. Yeye akanyoosha tu mkono wake wa kushoto, akaufungua mbele yangu, akashika kidole cha mwisho kwa mkono mwingine, kidogo, kifupi, kimeinama kwa ndani.

"Rula alikipima mara mbili kila muhula, unakumbuka? Ukurasa wa pili siku ya pazia, ni hapo palipohitaji kidole hiki. Nilijaribu mwaka mzima baada ya hapo, Dada. Kule kwa dobi, chakula cha mchana, kila siku. Hakifiki. Ndiyo nikazilegeza."

"Ulisema fidla ilikuomba."

"Sasa ningesemaje? Kwamba nimeshindwa?"

Nilikaa chini, kwenye maua kabisa. Miaka kumi na miwili nilijua kwamba alilegeza nyuzi zile kwa sababu alikuwa na kitu ambacho mimi sina. Nilifurahi, siwezi kukanusha, furaha mbaya ilinipanda mpaka masikioni. Halafu ikanipitia, nikabaki namwona mtoto anayekimbia peku, na mimi nyuma yake na viatu, nacheka moyoni.

Kengele ya kwanza ikalia. Nusu ya pili ilikuwa na nyimbo tisa, zote za nyuzi zilizolegezwa, na fidla ilikuwa bado mikononi mwangu.

"Umenifanyia ubaya leo," akasema.

"Najua."

"Na nitaendelea kukasirika. Labda hadi mwakani."

"Haya."

Kisha akafanya vile alivyokuwa akifanya zamani: akageuza uso kwenye kioo, akaanza kujipaka poda, na bila kuniangalia akainyooshea kidevu ile fidla. Kulegeza uzi kwa makusudi sijawahi maishani mwangu. Nilishika kigingi, vidole vikagoma, nikavilazimisha. Uzi ukashuka ukilalamika.

"Hapa?" nikauliza.

"Shusha kidogo, Dada."

Nikashusha.

"Tena."

Wivu ulikuwa palepale kifuani, haujaenda popote. Nikashusha tena.