Mikono Miwili Kwenye Dinari

Fermín alikuja amepaka mafuta ya nywele hadi yanamchuruzika shingoni, nikajua leo ndiyo leo. Kila Jumapili, kwenye soko la sarafu chini ya matao ya uwanja wa Plaza Mayor, daktari huyu mstaafu wa meno huweka meza yake karibu na yetu, kisha hushinda akimtazama dada yangu Remedios. Wote wawili wamefiwa na wenzao, wote wanakusanya sarafu za fedha za Warumi, na wote waoga. Aliyechoka kungoja ni mimi.

Mkono mmoja alishika mkate uliojazwa ngisi, wa pili kikasha.

"Bi Remedios, hii siuzi. Ni yako. Ila ukiipokea, na mimi unipokee."

"Casilda, mshikie mkate wake," dada akaniambia.

Remedios akafuta vidole, akaitoa kikashani dinari ya Kirumi kwa kuishika ukingoni tu. Dada yangu ukimgusia uso wa sarafu anakuchapa, maana jasho, anasema, linakula fedha. Hata padre wetu ameshachapwa. Kwenye dinari ile, kaisari kijana na mkewe walikuwa wamesimama wakipeana mikono. Dada ameitafuta picha hiyo tangu akiwa na nywele nyeusi.

"Unamjua bwana harusi huyu, daktari? Baadaye alimuua mkewe huyo."

"Mimi hata kuku sijawahi kuchinja," Fermín akajibu.

Nilicheka hadi ngisi wakanipalia. Dada hakucheka. Aliweka lenzi jichoni, akaigeuza dinari, akaipima kwenye mzani wake mdogo, akaigeuza tena. Nikaacha kutafuna, kwa sababu uso ule wa dada naujua.

"Ni bandia," akasema. "Tazama hapa ukingoni, shaba inachungulia. Mjanja fulani wa enzi za Warumi aliipaka fedha juu juu."

Maskini Fermín, masikio yalimwiva. "Nisamehe. Sikujua. Nirudishie, nitatafuta ya kweli."

Akanyoosha mkono. Nilitamani kumtwanga dada yangu kwa ule mkate. Ukweli gani huo usioweza kungoja mtu amalize kuposa?

Remedios hakumrudishia. Aliitia dinari katikati ya kiganja, uso na mgongo, akafumba ngumi na kuibana na jasho lake lote. Sijawahi kumwona akifanya hivyo maishani.

"Kaa chini, Fermín," akasema. "Nimesema ni bandia. Sijasema naikataa."