Mzazi Aliyevuka Mstari

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema kabla mzazi mwenzangu Thadeo hajakusimulia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, pilipili na ndimu.

Na tulikuwa tumeshinda. Mtu akigomba timu yake ikifungwa, watu humhurumia. Mimi niligomba tukiwa tumewapiga Mikumi kwao, mabao mawili kwa moja, na yote mawili kayafunga mwanangu Naomi, miaka kumi na minne, jezi namba tisa. La kwanza alimzunguka beki mrefu kuliko mimi, akamwacha anatafuta mpira upande usio wake. La pili alipiga kwa mbali, mguu wa kushoto, kipa akabaki kama mtu aliyeachwa na basi. Nimekuwa konda miaka kumi na moja njia ya Kilosa na Mikumi, nyuso za walioachwa na basi nazijua.

Sauti ilikuwa imeshanikauka kwa kelele. "Piga! Piga mwenyewe, usimpe mtu!" Dakika ishirini zimebaki, nangoja la tatu, kocha akainua mkono, akamtoa Naomi. Mikumi wakapata la kwao hapo hapo.

Kocha Seleina ni binti wa wafugaji wa upande wa Msowero. Hajafika miaka thelathini, na sauti hapandishi hata mvua ikinyesha juu ya bati. Filimbi ya mwisho ilipolia, nikavuka mstari wa chokaa mpaka katikati ya uwanja, kidole mbele.

"Wewe kocha, mtoto ana mabao mawili unamtoa? Ulitaka afunge nani, wewe? Basi sikiliza. Naomi hachezi tena kwenye timu yako. Jumamosi katafute namba tisa mwingine."

Jumamosi ilikuwa marudiano, nyumbani Kilosa. Atakayepita anakwenda Morogoro kwenye mashindano ya mkoa. Naomi alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, chupa ya maji mkononi. Hakunywa.

Kocha akainama kidogo, kwa adabu zote. "Shikamoo, baba Naomi."

Sasa jaribu wewe kutoitikia. Huku kwetu shikamoo haiachwi ikaning'inia hewani. Nilikuwa na maneno mengine nimeshayapanga vizuri, lakini mdomo wenyewe ukajibu, "Marahaba." Na ukishaitikia marahaba umeshakuwa mkubwa wa mtu, huwezi tena kumtolea matusi mbele ya watoto. Kidole nikakishusha, nikakosa pa kukiweka.

"Umevuka mstari, baba," akasema. "Utaratibu unaujua."

Thadeo, baba wa kipa wetu, akaanza kucheka mpaka akachuchumaa. Utaratibu ule niliutunga mimi mwenyewe. Kwenye kikao cha wazazi, wakati Thadeo ana tabia ya kuingia uwanjani kumfundisha refa kazi, nilipendekeza kwa mzaha kwamba mzazi atakayevuka mstari afue jezi zote za timu kwa mkono, bombani pale shuleni, mbele za watu, ndipo apewe ruhusa ya kumwuliza kocha swali moja. Watu walicheka. Kocha aliandika. Nilidhani anaandika jambo jingine.

Njia nzima ya kurudi, ndani ya basi, wazazi wenzangu walinicheka. Tulipofika Ulaya, kijiji cha njiani chenye jina kubwa, mmoja akapaza sauti, "Dereva, simama, Oswald ashuke Ulaya akanunue mashine ya kufulia." Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa natania abiria. Leo abiria ni mimi. Naomi alikaa mbele na wenzake, hakugeuka.

Nyumbani mke wangu Agnesi alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. "Umesema hachezi," akasema. "Yeye umemwuliza?" Akaendelea na mchele wake.

Sikumwuliza. Nilikuwa nimeshatamka mbele ya wazazi wa timu mbili, na baba akishatamka hivyo huona aibu kurudi nyuma. Jumatatu Naomi hakwenda mazoezini. Jumanne jioni nilimkuta nyuma ya nyumba anapiga mpira ukutani, peke yake, mguu wa kushoto, tena na tena. Hakuwa analia. Angekuwa analia ningejua la kufanya.

Jumatano asubuhi nikachukua mche wa sabuni na beseni mbili, nikaenda bombani.

Jezi kumi na sita, bukta kumi na sita, soksi usiniulize. Tope la Mikumi lilikuwa limeingia kwenye nyuzi na kuhamia humo. Thadeo alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akakaa kivulini.

"Kwapani hapo, mzee mwenzangu. Kwapani hujafika."

"Nimefika."

"Basi rudi tena, ulipita haraka."

Wanafunzi wakitoka darasani walipita mbele yangu mmoja mmoja: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nami mikono ndani ya povu, marahaba, marahaba, mpaka koo likauma kuliko vidole. Jezi namba tisa niliiacha ya mwisho, nikaifua mara mbili. Zilipokaa zote kambani, sitakuficha, nilisimama kuzitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alasiri kocha akaja, na Naomi nyuma yake. Akakagua kola, akageuza soksi moja ndani nje.

"Zimetakata. Uliza, baba."

"Kwa nini ulimtoa mwanangu?"

"Aliomba mwenyewe."

Nikamgeukia Naomi. "Wewe? Mabao mawili, la tatu linanukia, unaomba kutoka? Uliumia?"

"Hapana, baba."

"Ulichoka?"

"Nilichoka."

"Miguu ile ninayoijua mimi ichoke? Unataka kucheza au hutaki? Maana nikisema neno kwa kocha sasa hivi, nataka liwe la mwisho."

Naomi akaenda kambani, akaitoa jezi namba tisa, akaikunja taratibu, akanitazama usoni bila kiburi na bila woga. Watu husema mtoto yule kachukua kila kitu kwa mama yake. Ulimi, nikaona, kachukua kwangu, na kifua kikanijaa fahari hata kabla hajafungua mdomo. Akaniwekea jezi mikononi.

"Yalichoka masikio, baba. Kocha anasema toa pasi, wewe unasema piga, na mpira ni mmoja. Jumamosi mmoja wetu acheze, mwingine anyamaze nyuma ya mstari. Ukitaka kucheza wewe, jezi hiyo, imeshakauka."