Nyumba ya Mehdi ya Miaka Mia Sita

Ile nyumba ya Mehdi mie niliichukia tangu siku ya kwanza aliponionyesha kwenye simu, na wala sifichi. Watu wakienda Uingereza wananunua nyumba ya matofali, yenye joto, yenye mlango ambao mtu anapita bila kuinama. Mdogo wangu kakaa huko ujana wake wote, ana duka lake la dawa, ana akili zake timamu, halafu kaenda kijijini ndani kabisa kununua nyumba ya miti na udongo iliyojengwa miaka mia sita iliyopita. Imepinda. Ukiitazama kwa mbele utadhani aliyepiga picha alikuwa amelewa.

"Ona hii nguzo, Dada," akaniambia, huku anatembea na simu mkononi. "Ni mwaloni mtupu. Waliisimamisha kabla Mreno hajaijua Kilwa."

"Na mchwa je, nao ni wa kabla ya Mreno?"

Akacheka. Wakati ule alikuwaga bado anacheka.

Tulikuwa karakanani, hapa Chang'ombe, nyuma ya nyumba ya Maa, mama yetu. Karakana aliianzisha Baba: milango, madirisha, vitanda, makabati. Tangu afariki naiendesha mie, na fundi mkuu ni Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, aliyeanza kazi kwa Baba hajaota hata ndevu. Kondo akaja kuchungulia simu begani kwangu. Mehdi alikuwa anatuonyesha mahali ukuta ulipobanduka, ndani fito zimesukwa kama jamvi, juu yake udongo umekandikwa kwa majani makavu na kinyesi cha ng'ombe.

"Braza Mehdi," Kondo akasema, "hiyo si ndiyo nyumba ya bibi yangu? Sie tuliibomoa, tulikuwa tunaona aibu wageni wakija."

"Huku ukiibomoa unashtakiwa, Kondo. Hata kioo cha dirisha hubadilishi mpaka serikali ikuruhusu."

"Sasa hapo nyumba ni yako, au wewe ndiye wa nyumba?"

Mafundi wakaangua kicheko, msumeno ukasimama. Mehdi naye alicheka, lakini kidogo, kisha akasema anaitwa na mkewe.

Maa yeye aliipenda. Maa jina lake Rabab, umri umeenda, magoti yamekwisha, anatembea kwa kushika ukuta. Jioni moja Mehdi alimwonyesha boriti za darini, nyeusi tii kwa moshi, maana watu wa kale waliwasha moto katikati ya chumba na moshi ukajitafutia njia wenyewe. Kwenye zile boriti kulikuwa na alama zimekwaruzwa kwa ncha ya patasi: mistari miwili hapa, mstari na pembe pale. Ndivyo mafundi wa huko walivyokuwa wakijua kipande gani kinaingia wapi. Na Baba alikuwa hivyo hivyo. Hakuandika namba kwenye mbao zake hata siku moja, alikwaruza mistari yake, na mpaka leo Kondo anakwaruza vilevile. Maa akagusa kioo cha simu kwa kidole. Toka siku hiyo, ukiisema vibaya ile nyumba, umemsema marehemu.

Nilijua hapo kwamba Mehdi hakununua nyumba, alimnunua Baba. Nilimhurumia, lakini huruma yangu haina mizizi mirefu.

Maana na mie nina langu. Katika nyumba hii ya Chang'ombe, chumba kikubwa cha mbele, chenye upepo, ni cha Mehdi. Mtu hajalala humo tangu aondoke. Kila Alhamisi Maa ananiambia nibadilishe shuka, nami nabadilisha. "Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani," ndivyo anavyosema kila nikinung'unika. Mie nalala kile chumba cha pembeni mwa jiko. Nimezaliwa nyumba hii, nikaolewa, nikaachika, nikarudia chumba cha jiko, na sikuona shida. Nilijiambia nyumba ni ya anayeifagia.

Basi paa la miaka mia sita likaanza kuvuja. Kisha nguzo ile ile ya kabla ya Mreno ikaonekana imeoza kwa ndani. Huwezi kumwita fundi yeyote tu. Lazima wale maalumu, wanaochonga kwa mkono kama zamani, na mbao lazima iwe ile ile. Ukuta unapitisha baridi. Mkewe akavumilia, akachoka, akawachukua watoto akahamia mjini kwa wazazi wake. Mehdi akabaki peke yake na ndoo zake, na simu zake kwetu zikawa chache. Maa akiuliza wajukuu hawajambo, yeye anajibu habari za boriti.

Halafu ikaja ile simu ya Ijumaa. Hakuzunguka sana: anataka tuuze hapa, apate hela ya kutengenezea ile nyumba yake. Yupo mfanyabiashara wa Kurasini anayetafuta kiwanja cha kuwekea makontena, ameshaongea naye, anakitaka chetu. Nyumba na karakana vyote vitasawazishwa. Nyumba ni ya Maa, Baba alimwachia yeye, kwa hiyo ni Maa tu wa kusema ndiyo.

Nilikaa kwenye benchi la kurandia mbao.

"Na Maa atakaa wapi?" nikamuuliza.

"Atakuja huku. Hata wewe, Dada, ukitaka."

"Nionyeshe atakapolala."

Akanipeleka na simu mpaka kwenye ngazi. Jamani, ile si ngazi, ni ya kupandishia kuku. Imesimama wima, vipandio vimelika katikati kwa miguu ya watu waliokwisha kuwa udongo, na juu kuna mlango ambao hata mtoto anainama.

"Weka basi kishikio ukutani," nikasema.

"Hawaruhusu."

"Choo kiko wapi?"

"Chini."

"Kwa hiyo mama yako, na magoti yale, atakuwa anashuka hapo kila akibanwa, kwa sababu wenzio wanaiheshimu ngazi?"

Mie nikishakasirika sina breki. Nikamwambia, Mehdi, unataka kuibomoa nyumba yenye watu hai ukaezeke nyumba ya maiti usiowajua hata majina. Nikamwambia Baba hakumwaga jasho lake hapa ili Waingereza wapige picha paa lako wakipita na mbwa wao. Nikamuuliza Kondo na wenzake waende wapi, na mie niende wapi, umri huu, nikapange chumba Tandale nianze maisha na jiko la mkaa? Yote nilisema.

"Imesimama miaka yote hiyo, Dada," akasema taratibu. "Vita imepita, tauni imepita. Ianguke mkononi mwangu? Mie niwe ndiye niliyeiangusha?"

Nikakata simu.

Maa alisikia yote kwa Mehdi mwenyewe jioni ile. Nilidhani atalia. Hakulia. Alisema tu, "Nitaomba istikhara."

Sie tumelelewa hivyo. Jambo likikutatiza, akili imefika mwisho, unatia udhu, unaweka nia moyoni, unampigia simu maulana, sheikh wetu, akufungulie Msahafu. Maulana hakuulizi shida yako ni nini na wewe humwambii. Nia ni siri yako na Mola wako. Hata wa nyumbani hawakuulizi, ni utovu wa adabu. Yeye anasoma aya iliyotoka anakwambia tu: nzuri, au wastani, au mbaya. Ikija mbaya, hufanyi. Baba aliwahi kuacha shehena nzima ya mninga iliyopatikana kwa bei ya kutupa, kwa sababu istikhara ilikuja mbaya, na hakuna aliyemwuliza mara mbili.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Maa akatia udhu. Nikamshika mkono mpaka chumba cha majlisi, kile chenye vitambaa vyeusi ukutani, wanapokaa akina mama kuomboleza Muharram ikiingia. Akaketi kwenye kiti cha Baba. Nikabonyeza namba ya maulana, nikaweka simu kwenye mapaja yake kwa sauti ya wazi, nikasimama mlangoni. Maa akafumba macho muda mrefu. Midomo ilikuwa inacheza. Mie nami nikafumba yangu nikaomba kwa roho yangu yote, ije mbaya, ewe Mola, ije mbaya.

"Nimeweka nia, maulana," akasema.

Tukasikia kurasa. Kisha maulana akakohoa.

"Mama, hii imekuja mbaya. Mbaya sana. Aya inataja hasara. Jambo hilo usilifanye."

"Ahsante, maulana," Maa akasema.

Akabaki pale pale, mikono juu ya simu. Nilimwona amekunja uso, nikasema moyoni ni mama, lazima imuume kumnyima mwanawe. Nikamchukulia simu taratibu, nikambusu kichwani, nikatoka. Nilipofika uani nilikuwa karibu kukimbia. Nikamwambia Kondo hakuna anayehama, randa mbao zako. Kondo akasema alhamdulillah, akageukia mlango aliokuwa anauunga, maana mwenye nao alikuwa anaufuata mchana.

Nikampigia Mehdi palepale, kwenye maranda.

"Istikhara imetoka," nikamwambia. "Mbaya sana. Hatuuzi."

Hakubisha. Mtu aliyelelewa nyumba hii habishi. Nilisikia maji yanadondoka kwenye ndoo, tone, kisha tone.

"Basi," akasema. "Msiuze."

Halafu akaanza kulia. Mehdi, mwanamume wa makamo, analia kama siku aliyoanguka juu ya mrundo wa mbao akapasuka goti. Akasema amechoka. Akasema usiku anasikia miti inalia, anaamka kushika nguzo kwa mikono, kana kwamba mikono yake itaizuia. Akasema wanawe wakija hawataki kulala humo.

"Dada, nikiiacha? Nikiwaachia wenyewe nchi yao na nyumba yao, nikafunga duka, nikarudi. Mtanipokea?"

Hasira yangu yote ikayeyuka, sijui iliko. Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni uani hapa hapa. Nikamwambia njoo. Nikamwambia chumba chako kiko tayari, shuka nilibadilisha juzi, njoo, karakana inakutafuta, utakwaruza mistari ya Baba kwenye mbao zetu wenyewe. Akasema anatafuta tiketi leo leo. Tukacheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Nikarudi ndani mbio na kikombe cha chai ya tangawizi ya Maa, chai inamwagika kwenye kisahani. Alikuwa bado kwenye kiti cha Baba.

"Maa, nina habari. Mehdi anarudi. Kaniambia mwenyewe, anaacha ile nyumba, anarudi nyumbani."

Uso wake ukabadilika, lakini si kwa furaha. Akanitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Asirudi," akasema.

"Maa, nakwambia anarudi."

"Asirudi, Kaneez. Mpigie umwambie asithubutu." Sauti ilikuwa inakatika. "Unadhani niliuliza nini? Niliuliza nimwite mwanangu arudi. Nyumba sikuiuliza. Nyumba kwa mwanangu naitoa bila kuuliza. Niliuliza arudi, na umesikia kwa masikio yako. Mbaya sana. Hasara."

Nikakaa chini, palepale kwenye mkeka, kikombe mkononi. Nikamwambia aya ni aya, Maa, pengine hasara ni ya huko anakoacha, si ya huku. Nikamwambia tutoe sadaka tuombe tena. Akatikisa kichwa. Hachezi na neno lililokwisha kutoka, na mie nilijua hachezi, maana muda mfupi uliopita mie mwenyewe nilikuwa nalipeperusha neno hilo hilo uani kama bendera.

"Mwambie yule wa makontena aje," akasema. "Mwanangu akaezeke paa lake. Angalau asilowe."

"Maa, hii ni nyumba yetu."

"Nilikuwa namwekea Mehdi." Alisema polepole, ananieleza kama mtoto. "Miaka yote hii. Sasa kama harudi, namwekea nani?"

Nje Kondo alikuwa anagonga, anaingiza kigingi kwenye ule mlango. Nikasubiri amalize, nikidhani kelele ikiisha Maa atakisikia alichokisema. Alimaliza. Maa alikuwa ananitazama, macho yana machozi, ananisubiri mie.

"Na mie je, Maa?"

"Wewe?" Akashangaa, kwa dhati kabisa. "Wewe si upo."

Akanyoosha mkono akachukua kikombe, akanywa kidogo, akasema tangawizi imezidi. Kisha akaniambia nitoe simu nimpigie Mehdi, maana yeye zile namba hazioni.